Majani Yenye Mstari Mweupe

Majani ya krokasi hayakatwi mpaka yalale yenyewe. Hilo nilikuwa nalijua. Nalitanguliza kwa sababu yote yanayofuata yanasimama juu yake, na kwa sababu kwa karibu mwaka mzima niliishi kama mtu asiyelijua.

Nilifundisha bayolojia miaka kumi na miwili katika shule ya wasichana karibu na Kisii kabla sijahamia Birmingham. Hapa nafanya kazi katika maabara ya hospitali. Napima damu ya watu nisioonana nao, naandika nambari, na nambari zikinitia shaka narudia kipimo. Jina langu ni Kerubo, lakini kanisani wote wananiita Mwalimu, na kwa heshima ya jina hilo walinifanya katibu wa kamati. Watu huamini kwamba mwalimu akishaandika jambo, limekuwa hivyo.

Kanisa letu halina jengo lake. Tunatumia ukumbi wa mtaa hapa Stechford, dakika sita kwa miguu kutoka kituo cha treni. Mbele ya ukumbi kuna uwanja mdogo wa nyasi, hatua thelathini kwa kumi na tano, na chini ya nyasi hizo zimo krokasi. Krokasi ni ua fupi, halipiti sana urefu wa kidole. Hutoka ardhini Februari, wakati miti yote bado ni mifupa mitupu; jua likitoka hufumbuka, wingu likipita hujifunga. Kuna za zambarau, kuna nyeupe, na kuna za manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Kwa wiki tatu watu wanaokimbilia treni husimama kwenye uzio wetu wakaikosa.

Aliyezipanda ni Mama Kanta, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, nyuma ya duka la baba yake. Alikuja Uingereza akiwa na miaka kumi na tisa; sasa ana sabini na minne, na anakaa ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazamana na wa ukumbi. Kila Oktoba, kwa miaka tisa, alipiga magoti juu ya mto mkuukuu akachimba shimo mojamoja, kina cha vidole vinne, akaweka tunguu, mfano wa kitunguu kidogo, ncha ikielekea juu. Wenye ukumbi walimwachia bustani pamoja na funguo. Mbili kati ya hizo, wa mlango mkubwa na wa banda la vifaa, alimkabidhi Mzee Shem wetu.

Mzee Shem alikuwa msimamizi wa viwanja katika kiwanda cha chai huko Nyamira mpaka alipostaafu. Mkewe alipofariki, binti yake Kwamboka, ambaye ni nesi, alimleta kuishi naye Ladywood, ghorofa ya tisa, mahali ambapo udongo wote uliopo uko ndani ya chungu cha sukuma wiki dirishani. Kila Jumapili alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akapanda mabasi mawili, akafungua ukumbi, akapanga viti, kisha akazunguka uwanja taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba lake. Kwamboka aliwahi kuniambia kwamba funguo zile alizilaza chini ya mto.

Mwaka juzi, wiki ya pili ya Machi, maua yalipoanza kunyauka, Mama Kanta alivuka barabara baada ya ibada. Tulikuwa tunakunywa chai nje, makoti mwilini. Alipiga makofi mawili.

"Sikiliza watu yote! Maua kwisha, kazi hapana kwisha. Hii majani napika chakula ya mwaka kesho. Hapana kata! Ngoja mpaka ilale chini yenyewe, manjano, kama mzee amechoka."

"Mama Kanta," Mzee Shem alimchokoza, "hicho Kiswahili ulikipata wapi?"

"Kwa duka ya baba yangu. Baba yako nakuja pale nunua sukari, mimi napima. Yeye nasema nimempunja, mimi nasema macho yake mbovu."

"Baba yangu hakuwahi kufika Kisumu."

"Basi mtu alikuja na jina yake."

Tulicheka wote. Jumapili iliyofuata niliwaeleza watoto wa shule ya Jumapili sababu ya katazo hilo. Niliwachorea ubaoni. Tunguu la krokasi huishi mwaka mmoja tu. Likishatoa ua hunyauka, na juu yake huundwa tunguu jipya. Chakula cha hilo jipya hutoka kwenye majani, na kazi hiyo huchukua wiki sita au zaidi baada ya ua kufa. Majani yakikatwa kabla ya hapo, tunguu jipya hubaki dogo, na tunguu dogo halitoi ua. Watoto walinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, lakini walinijibu sawasawa. Naeleza haya ili pasiwe na mtu wa kunitetea kwamba sikuelewa.

Mwisho wa mwezi ule Mama Kanta alisafiri kwenda Ahmedabad kumwuguza dada yake. Kabla ya kuondoka alikuja kwangu, akawapita Mark mwenyekiti na wengine wote.

"Mwalimu, wewe angalia bustani. Wewe najua kwa nini. Wengine naangalia tu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Siku nne baadaye kamati ilikutana. Habari ilikuwa kwamba askofu kutoka nyumbani angetutembelea Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Mark ni dereva wa basi, anakaa Perry Barr, na hupenda mambo yaende kwa saa yake. Alikuwa amesimama dirishani.

"Hizi nyasi zimefika hapa," alisema, akigusa goti lake, ingawa hazikuwa zimefika hata nusu ya njia. "Askofu akishuka garini atadhani tumemleta malishoni."

"Atauliza ng'ombe wako wapi," Wambui, mjumbe mwenzetu, akasema.

"Tutamwonyesha wewe."

"Mimi ni wa zero-grazing, Mwenyekiti, nalishiwa zizini, sitoki nje."

Walicheka, nami nikacheka nikiandika. Kwetu nyasi ndefu mlangoni maana yake ni nyumba isiyo na mtu, au yenye mtu asiyejiweza. Mgeni akitarajiwa, uwanja hukatwa hadi ngozini na kufagiwa. Wote tuliokuwa mezani tulilelewa hivyo, na hakuna aliyeyakumbuka majani. Niliyeyakumbuka ni mimi tu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika: "Ilikubaliwa uwanja usafishwe kabla ya ujio wa Askofu."

Nina sababu, lakini si udhuru. Askofu huyo aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya shule niliyofundisha. Siku nilipoaga, alisema mbele ya walimu wenzangu kwamba nimesoma shahada nzima ili nikaoshe wazee wa Wazungu. Walimu walicheka. Miaka saba nilibeba kicheko hicho. Nilitaka ashuke garini akute mahali palipotunzwa na watu wanaojua wanachokifanya.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa jikoni ukumbini, nafuta vikombe. Mashine ya kukata nyasi ilinguruma kidogo ikazimwa. Mzee Shem aliingia, akavua kofia, akafungua kiganja. Katikati ya kiganja palikuwa na jani moja jembamba la kijani, lenye mstari mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mwalimu, haya ya mstari mweupe si yale ya Mama Kanta? Naona yako uwanja mzima, siwezi kuyazunguka. Nikate au niache?"

"Maua yamekwisha, Mzee. Kata."

Nimezichunguza sana sentensi hizo mbili. Ya kwanza ni ya kweli. Niliitanguliza ili ya pili ipite nyuma yake.

Alinitazama kidogo. Kisha akafunga kiganja. "Sawa. Wewe ndiwe unayejua."

Alikata. Alishusha makali chini kabisa, akaenda kwa mistari iliyonyooka kama ya kiwandani kwake, akafagia mpaka kwenye lami. Wiki mbili baadaye, siku moja kabla ya mgeni kufika, majani machache yalikuwa yamejaribu kuinuka tena, naye akayakata mara ya pili. Siku hiyo hakuniuliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimtazama.

Askofu alishuka garini akatembea hadi mlangoni. Alitumia kama sekunde tisa kwenye uwanja ule, na nyingi kati ya hizo alikuwa akitafuta miwani mfukoni. Baada ya ibada alinishika mkono.

"Kerubo! Bado unaosha wazee?"

Nilianza kumweleza kuhusu maabara. Alikuwa ameshamgeukia Mark.

Mama Kanta alirudi Juni. Wakati huo majani ya krokasi huwa yameshapotea hata pale ambapo hayakuguswa na mtu, kwa hiyo hapakuwa na cha kuona. Aliniuliza, "Majani nalala vizuri?" Nilimjibu, "Ndiyo." Kosa hili halisemi siku lilipotendwa, linangoja miezi kumi. Oktoba alipanda matunguu mengine hamsini kando ya uzio, mimi nikimshikia ndoo.

Februari ya mwaka jana maua yalitoka arobaini na moja. Nilihesabu mara mbili, nikaanza upande mwingine nikahesabu ya tatu. Karibu yote yalikuwa kwenye mstari ule wa matunguu mapya kando ya uzio. Uwanja uliobaki ulikuwa na majani tu, membamba kama nyuzi.

Mama Kanta alisimama kwenye uzio Jumapili nzima tukiimba ndani. Kwanza aliwashuku kindi, lakini udongo haukuwa umechimbuliwa. Kisha akashuku maji. Halafu akaanza kujishuku mwenyewe, na hapo ndipo nilipoacha kupita mlango wa mbele.

"Labda mkono yangu imezeeka," alimwambia Mzee Shem. "Labda napanda kichwa chini, sioni. Hii mwaka mimi nafukua yote. Naweka kokoto. Basi."

Jumapili iliyofuata alinikuta jikoni. Alikunjua kitambaa juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na matunguu sita aliyoyafukua. Tunguu zima la krokasi hupita sarafu kubwa kwa upana. Haya yalikuwa kama punje za dengu.

"Mwalimu, kazi yako kupima. Pima hii. Ugonjwa gani?"

Nilitazama matunguu. Yalikuwa magumu, masafi, meupe ndani pale alipoyakwangua kwa ukucha. Hayakuwa na ugonjwa wowote. Yalikuwa na njaa.

"Nitaangalia," nilisema, nikayatia mfuko wa koti.

Mzee Shem alikuwa mlangoni na viti viwili mikononi. Mark na Wambui walikuwa nyuma yake. Aliviweka viti chini.

"Mama Kanta, usimsumbue Mwalimu. Huo si ugonjwa. Majani niliyakata mimi. Mwezi wa nne, wewe ukiwa safarini."

Mama Kanta aligeuka polepole. "Nani nakwambia kata?"

Mzee Shem hakunitazama. Nilimwona akifanya bidii asinitazame.

"Hakuna. Nilikata tu."

"Mimi nasema mbele ya watu yote, hapana kata. Wewe nacheka na mimi hapo hapo."

"Ulisema."

"Funguo."

Alitoa shada la funguo, akazitafuta mbili zake kwa kucha, akahangaika na pete mpaka Wambui akataka kumsaidia, akakataa. Aliuweka wa ukumbi kwanza kiganjani mwa Mama Kanta, kisha wa banda, ambao alikuwa ameufunga uzi mwekundu. Mama Kanta aliufumba mkono akavuka barabara bila kufunga lango.

Nilikuwa na umbali wa hatua moja kutoka kwao. Nilikikunja kitambaa alichokiacha mezani.

Habari iliwafikia wenye ukumbi, nao wakatuandikia barua, wakitaka kujua kanisa limechukua hatua gani. Kamati ikakutana. Mzee Shem alikuwepo, mikono juu ya magoti.

"Wazee wetu tunawaheshimu," Mark alisema, "lakini hawa watu wanataka waone kitu kwenye karatasi. Katibu, andika kitu kifupi."

Niliandika, kwa mwandiko wangu, chini ya nambari nne: "Mzee Shem alikata nyasi bila kumwuliza mtu yeyote. Amepewa onyo na hatashika tena funguo za ukumbi."

Katika maabara, mtu akiandika nambari ambayo hakuipima, anafukuzwa kazi siku hiyohiyo, na mimi ningekuwa wa kwanza kumshtaki.

Jumapili mbili zikapita bila Mzee Shem. Ya tatu, Kwamboka alikuja peke yake akanivuta pembeni.

"Mwalimu, baba hatoki tena. Saa kumi na mbili Jumapili anaamka, anavaa koti, anakaa dirishani nalo. Namwuliza unaenda wapi, ananiambia hakuna anakoenda."

"Pole."

"Kitu kimoja hakiniingii akilini. Baba yangu hajawahi kukata kitu asichokijua bila kuuliza. Kule kiwandani walikuwa wanamtania, wanamwita Nikate-Nisikate. Nilimwambia hivyo, akanyamaza." Aliningoja kidogo. "Wewe ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwa jikoni," nilisema.

Hilo nalo lilikuwa la kweli.

Nilikwenda nyumbani na matunguu yale sita bado mfukoni. Nilikuwa nikiyagusa kila nilipotafuta kadi ya basi.

Mkutano wa mwezi uliofuata Mzee Shem alikuja. Alikuwa mjumbe, na hakuwahi kukosa mkutano. Nyumbani kila mkutano, uwe wa shule, wa harusi au wa mazishi, huanza kwa kumbukumbu za mkutano uliotangulia: katibu anazisoma zote kwa sauti, kisha mmoja aliyekuwepo anathibitisha kwamba ni za kweli, na mwingine anamwunga mkono. Tumekuja na desturi hiyo mpaka Stechford. Nilisoma nambari moja, mbili na tatu. Nilisoma nambari nne. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo limenisumbua kuliko kama ingetetemeka.

"Nani anathibitisha?" Mark aliuliza.

Watu walitazama simu zao. Sehemu hiyo hakuna anayeipenda.

Mzee Shem aliinua mkono. "Nathibitisha kwamba hizo ni kumbukumbu za kweli za mkutano uliopita."

"Ahsante Mzee. Nani anaunga mkono?"

Mkono wa Wambui ulikuwa umefika begani.

"Kuna marekebisho," nilisema.

"Kosa la herufi?" Mark aliuliza, bila kuinua macho.

"Hapana. Nambari nne si kweli. Mzee Shem aliuliza. Aliniuliza mimi, Jumamosi, jikoni, jani likiwa mkononi mwake. Nilimwambia akate."

Mark aliweka simu chini. Mzee Shem ndiye aliyewahi kusema.

"Mwalimu ananionea huruma bure," alisema kwa upole. "Siku ile alikuwa anaosha vikombe, maji yanapiga kelele. Mimi nami sauti yangu ndogo. Pengine hakunisikia vizuri, akanijibu tu. Sasa amesahau, anadhani alisikia."

Nilisikia meza nzima ikipumua.

"Ahaa," Mark alisema. "Basi ni kutosikilizana. Inatokea. Katibu, andika kulikuwa na kutosikilizana, wenye ukumbi wataelewa, Mzee apate funguo zake, tuendelee na ajenda ya pili."

Mlango ulikuwa wazi, na aliyenifungulia ni mtu niliyemfungia. Sikuhitaji hata kusema uongo mwingine. Kunyamaza kungetosha, na kunyamaza nilikuwa na mazoezi nako.

"Nilimsikia," nilisema. "Maji yalikuwa yamefungwa, vikombe nilikuwa navifuta. Nilijua majani yale ni nini na nilijua yakikatwa itakuwaje. Niliwafundisha watoto wenu. Mama Kanta aliniachia mimi bustani, si Mzee Shem, na aliporudi nilimwambia yalilala vizuri. Nilitaka Askofu aone uwanja msafi."

Nje treni ilipita kuelekea mjini.

"Na ile nambari nne," Wambui aliuliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kuelewa. "Ukaiandika?"

"Niliiandika."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Alishusha mkono wake na kuuweka mapajani.

Nilifuta nambari nne kwa mstari mmoja, ili maneno ya zamani yasomeke chini yake, nikaandika ya kweli pembeni na kutia sahihi. Kisha nikamwambia Mark atafute katibu mwingine. Alisema tutalizungumza. Hatukulizungumza, mkutano uliofuata daftari lilikuwa mbele ya Wambui.

Alasiri hiyo nilivuka barabara. Mama Kanta alinipokea jikoni kwake bila kuniambia nikae. Niliweka matunguu sita mezani, nikamweleza yote kwa mpangilio: siku aliyoniachia bustani, kikao, jani, vikombe, swali lake la Juni, jibu langu. Alisikiliza akiyagusa matunguu kwa kidole.

"Hii iko kwa mfuko yako siku ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Mimi nafikiri mkono yangu imekufa. Siku thelathini na tano. Wewe najua, mimi sijui." Alivuta kiti akakaa yeye. "Kwa duka mimi najifunza kujua mwizi. Mwizi naangalia mlango. Wewe naangalia mimi kwa macho, nasema 'nitaangalia'."

Nilisogeza matunguu yakakaa mstari mmoja.

"Na yule mzee. Mimi nachukua funguo yake mbele ya watu, kama mtoto." Aliinuka, akafungua droo ya vijiko, akatoa funguo mbili. Uzi mwekundu bado ulikuwapo. "Peleka. Sasa. Na basi mbili, kama yeye. Hapana treni."

Nilipanda mabasi mawili. Kwamboka alinifungulia mlango wa ghorofa ya tisa, akapisha, lakini hakukaa nasi. Mzee Shem alizipokea funguo kwa mikono miwili, akazitia mfuko wa ndani wa koti, akaniambia karibu chai. Alinimiminia mwenyewe.

"Kwa nini hukusema, Mzee?" nilimwuliza.

"Nilikuwa nangoja useme. Ule mwezi Mama Kanta amerudi, nikasema atasema. Maua yalipokosa kutoka, nikasema sasa atasema. Halafu yule mama akaanza kuilaumu mikono yake, nikaona mtu lazima aseme."

"Na kule kuthibitisha?"

Alikoroga chai muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ulikuwa umeshaandika, Mwalimu. Ningefanyaje? Nikuite mwongo mbele ya watu ambao watoto wao unawafundisha?"

Nilimaliza chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi. Hakunisindikiza hadi kwenye lifti, na nyumbani mgeni husindikizwa.

Mama Kanta hakuweka kokoto. Alipanga mwenyewe itakavyokuwa: mbolea kidogo ya unga wa mifupa, na kwa miaka miwili mashine isikanyage pale kabla yeye mwenyewe hajasema, hata aje nani. Mwaka jana mwezi wa nne, watu wa kanisa jingine walipotutembelea wakauliza mbona tunaishi kichakani, ilikuwa zamu yangu kuwaeleza. Oktoba nilipiga magoti kwenye nyasi bila mto na kupanda matunguu mia moja. Mzee Shem alipanda mstari wake na Mama Kanta, upande wa pili, wakibishana kuhusu sukari ya Kisumu.

Februari ya mwaka huu yalitoka maua mia mbili na sita. Kabla ya kosa langu yalikuwa yanapita elfu moja.

Jumamosi moja Aprili hii nilifika mapema kufungua madirisha. Mzee Shem alikuwa ameshaitoa mashine bandani, ameiweka ukingoni mwa nyasi. Aliinama akachuma jani moja, akaligeuza kwenye mwanga. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Jani lilikuwa bado kijani kibichi, mstari wake mweupe umenyooka. Wiki tano bado, au zaidi kidogo.

Aliniona akavua kofia.

"Mwalimu, habari za asubuhi."

"Nzuri, Mzee. Umeamkaje?"

"Salama."

Alilifunga jani kwenye kiganja, akanipita, akafungua lango, akatazama kulia na kushoto, akavuka barabara. Nilimsikia akibisha kwa Mama Kanta ili aulize kama akate au aache.

Jibu nilikuwa nalijua.